Picha za Joy Adamson na Misitu ya Kale ya Meru na Embu

Ukimtaja Joy Adamson hapa Meru, wengi wetu humkumbuka Elsa, yule simba jike aliyelelewa na binadamu na kuzikwa kando ya Mto Ura katika Mbuga ya Wanyama ya Meru mwaka 1961. Wanaojua kwamba mama huyu alikuwa mchoraji ni wachache. Elsa alipoletwa nyumbani kwake akiwa mtoto mwaka 1956, Joy Adamson alikuwa tayari amekaa karibu miaka ishirini akichora mimea ya Kenya, ua kwa ua na jani kwa jani. Mamia ya picha hizo yamehifadhiwa hadi leo.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo ilikuwa ya namna gani, na kwa nini inamhusu mkazi wa kaunti hii au wa kwa majirani zetu Tharaka Nithi na Embu ambaye kijijini kwake bado kuna msitu mdogo wa wazee usioandikwa popote.

Joy Adamson alizaliwa mwaka 1910 katika mji ambao leo unaitwa Opava, nchini Czech. Wakati huo mji huo ulikuwa chini ya utawala wa Austria na Hungary, nao ulijulikana kwa jina la Troppau. Alifika Kenya mwaka 1937. Mwaka uliofuata aliolewa na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea na aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi, yaliyoitwa Coryndon wakati huo. Jina la Joy alipewa na Bally. Wazazi wake walikuwa wamemwita Friederike. Bally alikuwa akisafiri huku na huku akikusanya mimea kwa ajili ya utafiti, na mkewe akawa anafuatana naye. Alianza kuchora yale maua yaliyokusanywa, mumewe akaona kwamba mkono wake ni mwepesi na jicho lake ni kali, akamhimiza aendelee. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori wa wilaya za kaskazini, na hilo ndilo jina tunalomjua nalo. Mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell kwa picha zake za mimea. Baadaye serikali ya ukoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi, na picha hizo zikawa kitabu mwaka 1967.

Pengine msomaji atauliza kwa nini mtu ajisumbue kuchora mmea wakati kamera zilikuwepo. Jibu lake ni la kiufundi, nalo bado lina maana hata katika enzi hii ya simu za mkononi.

Mtaalamu anapochuma tawi msituni hulibana kati ya karatasi na kulikausha. Tawi hilo hupelekwa katika hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na linaweza kudumu mamia ya miaka. Lakini likishakauka hupoteza rangi. Ua la zambarau huwa la kahawia, tunda jeusi lenye majimaji husinyaa, na namna jani lilivyokaa kwenye kikonyo haionekani tena. Kwa upande mwingine, picha nyingi za kamera za miaka ya 1940 hazikuwa na rangi, na hata picha nzuri ya kamera huonyesha mmea jinsi ulivyo siku hiyo moja tu. Mchoraji ana uhuru ambao kamera haina. Anaweza kuchora ua la mwezi huu, akasubiri miezi kadhaa, akarudi na kuchora tunda la mti uleule kwenye karatasi ileile. Anaweza kupasua ua na kuonyesha ndani yake, na kuuweka mgongo wa jani kando ya uso wake. Haya yote huchorwa kwa ukubwa wa mmea wenyewe, bila kukuza wala kupunguza, ili mtu atakayeishika karatasi hiyo miaka themanini baadaye aweze kulinganisha na jani alilo nalo mkononi.

Chukua mfano wa muuru. Kila seremala wa Meru anaujua, na katika biashara ya mbao Waingereza waliupa jina la mji wetu. Jina lake la kisayansi ni Vitex keniensis, na hilo neno la pili ni kwa sababu makao yake hasa ni miteremko ya Mlima Kenya. Jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono, na kwa kawaida vidole hivyo ni vitano. Tunda lake likiiva huwa jeusi, nao watoto na nyani hulishindania. Kijana wa leo aliyekulia mjini anaweza kuiona meza ya muuru kila siku bila kulijua jani lake. Mtu ambaye hajui jani hawezi kutambua mche uliojiotea mwenyewe ukingoni mwa shamba, na ataung'oa akipalilia pamoja na magugu mengine. Hii ndiyo faida ya kwanza ya picha nzuri ya mmea: inawafundisha watu kuona.

Ni lazima tuseme pia kwamba picha haizuii msumeno. Miaka mingi baada ya maua ya Kenya kuwekwa kwenye karatasi, misitu yenyewe iliingia katika kipindi kibaya kuliko vyote. Mlima Kenya ulikuwa mbuga ya taifa tangu 1949, na mwaka 1997 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipouchunguza msitu huo pamoja na Imenti na Ngare Ndare kutoka angani, lilikuta ukataji haramu wa miti ya asili, tanuri za makaa, na mashamba ya bangi ndani ya msitu. Uliolengwa zaidi na wakataji ni muthaiti, ambao wengi tunauita kamfa, mti wa upande wenye mvua nyingi wa Chuka na Embu. Imenti ya Chini, ambayo wazee wanaikumbuka ikiwa na giza mchana, ilibaki na sehemu kubwa zilizo wazi. Kazi ya kuurudisha msitu huo inaendelea, na wanaoishi kando yake wanajua haijakamilika.

Kuna jambo jingine ambalo haifai kulificha. Joy Adamson alichora katika nchi iliyotawaliwa na wageni. Mgeni mwenye kibali aliweza kuingia katika misitu ya mlima na karatasi zake, ilhali mwenyeji aliyezaliwa ukingoni mwa msitu huo aliwekewa mpaka na kushtakiwa kwa kuingia kukata kuni. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, msitu uleule uliwaficha wapiganaji wa Mau Mau, akiwemo Musa Mwariama wa Meru aliyetoka msituni mwaka 1963. Uzuri wa picha za Joy hauondoi ukweli huo. Hata hivyo, ukweli huo nao hauzifanyi picha zikose thamani, kwa kuwa mimea iliyochorwa ni yetu na kumbukumbu imebaki.

Joy mwenyewe hakuishia kwenye karatasi. Mapato ya vitabu kuhusu Elsa, kuanzia kile cha kwanza cha mwaka 1960, aliyaelekeza kwenye uhifadhi wa wanyamapori, na hifadhi ya Meru ilikuwa miongoni mwa zilizonufaika. Meru ikawa mbuga ya taifa mwaka 1966. Baada ya kuuawa kwake huko Shaba Januari 1980, majivu yake yaliletwa Meru, yakamwagwa kwenye kaburi la Elsa na la Pippa, duma aliyemlea hapo baadaye.

Misitu ambayo wazee waliilinda

Mbali na ule msitu mkubwa wa mlima, katika nchi yetu kuna misitu midogo, mingine ya ekari chache tu, iliyosimama kwa muda mrefu kuliko afisa yeyote wa misitu. Meru tuna Giitune, na huko Nchiru, Tigania, kuna makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru. Karibu na Runyenjes kuna msitu wa Mwenendega, ambapo simulizi za Waembu zinamweka babu yao Mwenendega na mkewe Nthara. Vilima vingi vya Mbeere navyo vilikuwa na sehemu zao za kuombea mvua.

Kilichoilinda misitu hii ni mwiko. Hapakuwa na ua wala askari. Mtu hakukata mugumo, hakuokota hata tawi kavu, hakuchunga mbuzi humo. Aliyevunja mwiko alitozwa faini ya mnyama na kutakaswa. Wangari Maathai, aliyekulia ng'ambo ya mlima huko Nyeri, aliwahi kueleza jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo kwa kuwa huo ulikuwa mti wa Mungu, na jinsi alivyokuja kutambua baadaye kwamba penye mugumo palikuwa na kijito. Wakulima wetu wanalijua jambo hilo bila kusoma kitabu. Chemchemi nyingi zinazolisha vijito vya Kathita, Thuchi, Ena na Rupingazi ziko chini ya miti mikubwa ya namna hiyo. Maji hayo yote huishia Tana, mto unaoendesha mabwawa ya umeme ya Masinga hadi Kiambere.

Mwiko ulianza kulegea watu wengi walipoacha dini za jadi. Lakini mwiko uliolegea haukutosha peke yake kuimaliza misitu hii. Pigo kubwa lilikuja ardhi ilipopimwa na kugawanywa. Huko Mbeere, upimaji wa miaka ya 1970 uligeuza ardhi ya koo kuwa mashamba ya watu binafsi. Msitu mtakatifu uliokuwa wa kila mtu ulijikuta ndani ya mstari wa hatimiliki ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na karo ya kulipa. Mpimaji ardhi hakuwa adui. Kwenye ramani yake hapakuwa na msitu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwandikia kwamba hapo pana msitu, mipaka yake ni hii, na wenyewe ni hawa.

Linganisha na Pwani. Kaya za Wamijikenda zilikabiliwa na hatari hiyohiyo, pengine kubwa zaidi kwa sababu ya bei ya ardhi karibu na bahari. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mimea walianza kuzunguka kaya hizo pamoja na wazee, wakaorodhesha miti, wakaeleza mipaka, wakaandika historia. Kuanzia mwaka 1992 kaya zilianza kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa turathi za taifa. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, misitu iliyotawanyika katika eneo la takriban kilomita 200 za pwani. Wazee wa kaya walikuwa na mwiko kama wetu. Walichoongeza ni kumbukumbu ambayo ofisi ya serikali inaweza kuisoma.

Sheria inasemaje

Si kila msitu uko chini ya mlango mmoja, na wananchi wengi hupeleka malalamiko mahali pasipostahili. Misitu iliyotangazwa ya serikali, kama Mlima Kenya na Imenti, ni ardhi ya umma. Shughuli zake ziko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, likisaidiana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori pale panapohusika. Jamii zinazopakana na misitu hiyo hushiriki kupitia vyama vya jamii vya misitu, vile vinavyojulikana kama CFA. Vyama hivyo hufanya makubaliano kuhusu kuni, asali, malisho na upandaji wa miti. Msitu ulio ndani ya hatimiliki yako ni wako, ingawa hilo halikuondolei wajibu wa kufuata taratibu kabla ya kukata na kusafirisha miti.

Kundi la tatu ndilo linalosahaulika. Kifungu cha 63 cha Katiba kinasema kwamba ardhi ya jamii ni pamoja na ile inayoshikiliwa, kusimamiwa au kutumiwa kihalali na jamii kama misitu ya jamii, malisho au mahali patakatifu. Ndiyo, Katiba inataja mahali patakatifu waziwazi. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii hiyo. Inashikilia tu, haiimiliki. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaeleza jinsi jamii inavyoweza kusajiliwa na kuchagua kamati ya usimamizi yenye watu kati ya saba na kumi na watano. Sheria hiyohiyo inaitaka kila kaunti kuorodhesha ardhi yote ya jamii ambayo haijasajiliwa na kuiwasilisha kwa waziri anayehusika na ardhi.

Orodha ya namna hiyo haiwezi kuwa bora kuliko habari zinazoletwa na wananchi. Afisa wa ardhi hawezi kujua kwamba miti ile saba nyuma ya kituo cha kununulia chai ni mahali ambapo rika fulani lilitahiriwa, kama hakuna aliyemwambia. Na hapa kazi ya mchoraji inarudi.

Namna ya kuchora na kuandika msitu wa kijijini

Kazi hii inaweza kufanywa na wanafunzi chini ya mwalimu wao, kikundi cha vijana, au mchoraji wa mabango ya maduka ambaye kwa kawaida ana mkono mzuri kuliko anavyosifiwa.

Anzeni kwa wazee wenye mahali hapo. Kuna misitu ambayo si kila mtu anaruhusiwa kuingia, na kuna sehemu, hasa pale panapotolewa sadaka, ambazo wazee watasema zisichorwe. Zisichorwe. Picha ya miti na mipaka inatosha kwa madhumuni haya.

Mpaka utembelewe kwa miguu pamoja na wazee na majirani wanaopakana nao, wote wakiwepo siku moja. Simu ya kawaida yenye ramani inaweza kurekodi njia mliyopita. Andikeni alama za kudumu kama jiwe, kijito au barabara, kwa sababu ua la miti huhamishwa usiku.

Kwa kila aina ya mti, choreni jani kwa ukubwa wake halisi, uso na mgongo, pamoja na gome, na ua au tunda likipatikana. Msipopata ua, acheni nafasi kwenye karatasi na mrudi msimu mwingine. Penseli na rangi za maji zinatosha, na picha ya simu iwekwe kando yake kama shahidi wa pili. Andikeni tarehe, mahali, na jina la mti kama linavyotamkwa hapo. Kimeru cha Imenti si sawa na cha Tigania, na Kimbeere kina majina yake, kwa hiyo msisahihishe jina alilotoa mzee ili lilingane na la kitabu. Unene wa shina hupimwa kwa kamba kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, na hicho ndicho kipimo ambacho maafisa wa misitu wanakitumia. Umri msikisie. Mti mnene si lazima uwe mzee, na tarakimu ya kubuni ikipingwa itaharibu ushahidi wote.

Mkikuta mwiria, msitangaze mahali ulipo. Gome lake linatafutwa kwa dawa ya tezi dume inayouzwa nje ya nchi, na biashara yake imekuwa chini ya udhibiti wa kimataifa tangu 1995. Mti uliobanduliwa gome kuuzunguka shina lote hufa ukiwa umesimama. Katika nakala itakayobandikwa darasani au kwenye ofisi ya chifu, andikeni kwamba mwiria upo, basi. Nakala yenye mahali kamili ibaki kwa wazee na katika ofisi ya ardhi.

Tengenezeni nakala zaidi ya moja. Moja ikae kwa wazee, moja shuleni, moja katika ofisi ya ardhi ya kaunti, na nyingine ipelekwe Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 katikati ya mji, katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za ukoloni. Kila nakala iwe na sahihi au alama ya kidole ya wazee waliotembea mpaka, na jina la aliyetaja kila mti liandikwe chini ya picha ya mti huo, kabla ya jina la aliyeuchora.